Rapa, isnadi yako iko wapi?

Hii ni hotuba niliyowapa vijana wa muziki na wazazi wao hapa Ng'ambo, mtaa wetu wa Unguja, usiku baada ya Isha. Waliokosa kuja wameniomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa, ila picha nilizoonesha ukutani sikuzitia, na ile robo saa ya giza umeme ulipokatika nimeiruka, ingawa wapo wanaosema ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu mliokaa mbele, mama zetu mliokaa upande wa dirisha, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha, ahsanteni kwa kuja. Nimeambiwa nizungumze nusu saa. Mwenye saa asinioneshe.

Nimeitwa hapa kwa sababu ya ugomvi, na ugomvi wenyewe mnaujua. Kijana wetu mmoja alitoa wimbo. Kavaa jezi ya mpira wa kikapu inayomfika magotini, mnyororo shingoni, anachana mistari. Mzee mmoja akamwambia: "Mwanangu, umevaa nguo za watu." Kijana akanuna. Haikupita wiki, binti mmoja anayesoma chuo kikuu akamwambia neno lililomuuma zaidi: kwamba hip-hop wameizaa watu weusi wa Marekani katika dhiki yao, na anayeichukua bila kuionja dhiki ile anapora utamaduni wa wenzake. Basi kijana kabaki katikati. Kwa mzee amepotea, kwa binti ni mwizi. Sasa afanye nini, jamani? Anyamaze?

Mzee na binti wote wawili wameuliza jambo zito. Lakini wameuliza "ni ya nani?", na mimi swali hilo silipendi. Swali ninalolipenda nimefundishwa nikiwa na miaka saba, nimekaa juu ya mkeka, juzuu mkononi, fimbo ya Maalim iko karibu.

Wengi wenu mmepita chuo cha Kurani. Mnakumbuka mtoto akisoma aya kwa namna isiyozoeleka, Maalim anafanya nini? Hampigi kwanza. Anamuuliza: "Hiyo umesoma kwa nani?" Akitaja mwalimu anayejulikana, Maalim anatulia, pengine anasema kisomo hicho kipo. Siku moja mwenzetu alijibu, "Nimesikia tu, sijui wapi." Maalim akafunga msahafu wake taratibu. Akasema: "Basi rudi ukakisikie tena, na safari hii uulize jina." Tulicheka, lakini mimi neno lile halijanitoka.

Umesoma kwa nani? Hiyo ndiyo isnadi. Fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, mpaka mwanzo. Mnyororo ukikatika, au mmoja ndani yake akijulikana kuwa mwongo, habari nzima inakuwa dhaifu. Masheikh mliomo humu mnisamehe: sifananishi Hadithi ya Mtume na rapu, hasha. Naazima njia ya kuuliza tu.

Na kwa kuwa nitawauliza watu isnadi zao, nianze na yangu, nayo ni dhaifu mno.

Mwaka 1996 nilikuwa rapa. Msicheke. Nilikuwa na kaseti za kunukuu, zilizonukuliwa kutoka kaseti za kunukuu, mpaka sauti ya mwimbaji ilikuwa kama anaimba ndani ya mtungi. Maneno siyafahamu, nayakariri kama yalivyo. Nikarekodi wimbo wangu kwenye redio kaseti, mlango nimefunga, mto nimeuziba dirishani. Ndani ya wimbo nasema natoka Brooklyn. Nina bastola. Nimemwaga damu. Nilikuwa naishi Kikwajuni, kwenye fleti walizotujengea Wajerumani wa Mashariki.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliisikia kaseti ile nikiwa skuli. Nilipofika kaniita. "Mjukuu wangu, huyo unayetaka kumuua kakufanya nini?" Nikamwambia, bibi, ni nyimbo tu. Akasema: "Na hiyo bastola umeiweka wapi? Chumbani mwako nimefagia asubuhi, nimeona panya."

Bibi hakuniuliza kwa nini naimba rapu. Hakuniambia niache nipige dufu. Aliuliza bastola iko wapi! Na baadaye nilipokuja kusoma, nikagundua hata uongo wenyewe nilikosea mtaa. Hip-hop haikuanza Brooklyn, imeanza Bronx.

Basi twendeni Bronx. Tarehe 11 Agosti 1973, jengo nambari 1520, Sedgwick Avenue, mji wa New York. Msichana aitwaye Cindy Campbell kafanya dhifa ya kiingilio apate pesa za nguo za kurudia skuli. Anayepiga sahani za santuri ni kaka yake Clive, miaka 18, maarufu Kool Herc. Watu husema pale ndipo ilipozaliwa. Lakini mtazameni Clive mwenyewe. Kazaliwa Kingston, Jamaika, kafika New York mwaka 1967 akiwa mtoto. Ile tabia ya kupanga maspika makubwa yatikise kifua kaja nayo kutoka kwao. Alipowapigia watu wa Bronx rege, hawakutikisika. Akawapigia funk wanayoijua wao, akatulia, akawatazama miguu. Akaona wanangoja pahali pamoja tu: pale waimbaji wanaponyamaza, ngoma ikabaki peke yake. Kipande hicho ni kifupi, sekunde chache. Akatafuta sahani mbili za wimbo mmoja, ya kwanza ikimaliza kipande anaanza na ya pili, huku anairudisha ile ya kwanza. Sekunde chache zikawa dakika, na dakika zikawa muziki.

Sasa niambieni, hiyo ni ya nani? Ya Jamaika? Ya Bronx? Ya yule mpiga ngoma aliyekuwa studio miaka ya nyuma, hana habari? Mnaona kwa nini swali la "ni ya nani" silipendi? Linakwama mlangoni kabla hatujaingia ndani.

Lakini uliza "umepokea kwa nani", uone linavyofungua mambo. Mwaka 1979 ilitoka rekodi ya kwanza ya rapu kuvuma kweli kweli, ya kundi la Sugarhill Gang. Mmoja wao akiitwa Big Bank Hank. Huyu naye ni wa Bronx, ila alikuwa akifanya kazi duka la pizza huko New Jersey, na pembeni alikuwa meneja wa rapa wa Bronx, Grandmaster Caz. Alipopata bahati ya kuitwa kurekodi, mistari hana. Akamwendea Caz, akachukua mistari yake. Akaenda akaiimba kama ilivyo. Kama ilivyo, nasema! Mpaka pale Caz alipojitaja jina lake la usanii herufi kwa herufi, Hank naye kalisoma herufi kwa herufi. Dunia nzima ikacheza jina la mtu mwingine, na mwenye jina hakuandikwa popote wala hakulipwa.

Binti yangu uliyesema juu ya uporaji, uko wapi? Ah, uko pale. Lishike hilo. Hank ni mtu mweusi, Caz ni mtu mweusi, wote wa hapo hapo. Damu ilikuwa moja, mtaa mmoja, dhiki moja. Isnadi ilikatwa vile vile.

Lakini sitaki ufikiri nakukatalia. Ulilosema lina ukweli, na ukweli wake uko kwenye nguvu na pesa. Mwaka 1990 Mzungu mmoja, Vanilla Ice, alitoa rapu ya kwanza kufika nambari moja kwenye orodha kuu ya Billboard huko Marekani. Miaka zaidi ya kumi na tano watu weusi wanauotesha mti, tunda la juu kabisa kachuma yeye. Mdundo wa besi ulikuwa wa Queen na David Bowie, na mwanzoni majina yao hayakuwamo. Walikuja kutiwa baada ya mvutano. Kibwagizo kilifanana na mwito wa Alpha Phi Alpha, chama cha wanafunzi weusi wa vyuo. Na kampuni yake ikaeneza habari kwamba kakulia mitaa ya hatari Miami. Gazeti la Dallas likachimba, likakuta sehemu kubwa ya ujana wake ilikuwa huko huko kwao Dallas.

Kwa hiyo na yeye alikuwa na bastola chumbani penye panya! Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka bibi.

Wengi husema kosa la Vanilla Ice ni rangi. Mimi hapo sikubali sana. Alikuja Mzungu mwingine, Eminem, akasema: mimi ni Mzungu maskini wa Detroit, aliyenishika mkono ni Dr. Dre, rapa mweusi, na rangi yangu imenisaidia kuuza. Kayasema mwenyewe ndani ya nyimbo zake. Isnadi nzima, kuanzia kasoro yake. Watu wakamkubali, na wasiomkubali hawakuweza kumwita mwongo.

Sasa ngojeni, hapa ndipo panaponifurahisha. Mwaka 1991, Dar es Salaam, kwenye mashindano ya Yo! Rap Bonanza, alipanda kijana aitwaye Saleh J, akachana kwa Kiswahili juu ya biti ile ile ya Vanilla Ice. Akashinda. Hebu fuateni mnyororo: Waingereza wa Queen na Bowie, kisha Mzungu wa Dallas anayejifanya wa Miami, kisha kijana wa Kiswahili Dar. Kwa mizani ya ukali huo ni wizi juu ya wizi. Lakini kila aliyemsikia Saleh J alijua biti katoa wapi, hakuificha. Na alichoongeza kilikuwa chake: Kiswahili. Vijana wengi wakaona kumbe ulimi wetu unaingia humu, haukwami. Nyinyi mnaochana leo, hiyo ni hatua mojawapo katika isnadi yenu. Wangapi mlikuwa mnamjua? Nyosheni mikono. Mmoja, wawili... na huyo wa tatu kanyosha kwa sababu mwenzake kanyosha.

Haya, mzee wangu uliyesema "nguo za watu". Shikamoo. Kwa heshima yote, baba, tuzungumze taarabu.

Taarabu tunaijua ilivyofika. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, kampeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Ikaimbwa kwenye jumba la mfalme kwa Kiarabu. Mwaka 1905 wakaanzisha kikundi cha Ikhwani Safaa. Udi wa Waarabu, fidla ya Wazungu, na ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni, ya Misri. Kisha akaja mwanamke kutoka Fumba, mtoto wa watumwa, aliyekuwa akiuza vyungu, Siti binti Saad. Akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 kaenda Bombay kurekodi, na sahani zikauzwa pwani nzima. Walimfanyia kijembe, mnajua, kwamba kaja mjini na kaniki zake, asingekuwa na sauti angekula nini. Siti hakujibu kwamba yeye ni mtoto wa jumba. Hakusema anatoka Cairo. Alijibu kuwa uzuri wa sura si hoja, aibu ni kukosa akili. Kakubali shamba lake na kaniki zake, kaimba kesi za mahakamani na dhulma za watu anaowajua.

Leo nani humu atathubutu kusema taarabu si yetu? Na akina bibi zetu wa vikundi vya lelemama na taarabu, waliojiita Royal Navy? Hawakuwa na manowari, hawakuwa hata na ngalawa! Jina la Mwingereza walilichukua wakalivalisha kanga.

Msipige makofi bado, vijana, sijakupeni ruhusa ya kila kitu. Siti alikaa chini akafundishwa. Kapigwa kosa karudia. Nyinyi mnashusha biti kwenye simu saa nne, saa tano mnaitwa wasanii.

Nikupeni kisa cha Pemba, maana hiki nimekiona kwa macho yangu. Nilikuwa nikimsaidia rafiki yangu mwenye studio ndogo Chake Chake. Studio yenyewe chumba kimoja, trei za mayai ukutani, maiki imevalishwa soksi. Akaja kijana wa miaka kumi na tisa. Akaanza kuchana. Maneno ya vijiwe vya Dar, kila baada ya mstari anatia Kiingereza cha puani, madem, noti, magari asiyopata kuyapanda. Tukarudia mara saba. Hakuna kitu. Sauti yake ilikuwa imevaa viatu vya mtu mwingine, inakwenda inachechemea.

Tukapumzika. Simu yake ikalia, mama yake. Pale pale sauti ikabadilika, kashuka kwenye Kipemba chake, maneno yanamtoka kama karafuu zinavyomwagwa jamvini. Anamuuliza mama mvua imenyesha, zimeanuliwa? Makonyo kayatenga? Mwenye shamba kalipa zile pishi za juzi? Bado? Bado vipi? Kapandisha sauti, kashusha, kakata, kapumua pale pale panapotaka pumzi. Rafiki yangu kanitazama. Mimi nikamtazama.

Alipokata simu nikamwambia: "Hayo, hayo uliyomwambia mama." Akaona haya. Akasema, "Wataniita mshamba." Nikamwambia Siti waliitwa hivyo hivyo. Akakaa pembeni na karatasi, karibu saa nzima, akarudi na mistari hii, na kaniruhusu niitaje:

Nimepanda na fajiri, tawi limenichana paja,
Nimeshuka na pishi sita, hata tajiri hajaja.

Mnasikia? Paja, hajaja. Kina kimekaa. Huyu ni mtoto wa kisiwa cha Kamange na Sarahani, malenga wa karne ya 19. Vina viko ndani yake hata kama hajui. Biti ilikuwa ya Kimarekani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hatukuigusa. Lakini kovu la paja lilikuwepo, alituonesha. Bibi yangu angemuuliza, "Tawi liko wapi?" angelionesha pia.

Nimebakiwa na jambo moja, na hili linaniuma, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Ami yangu ni mpigaji wa kidumbaki. Vijana wa sasa mnakiona kwenye harusi mkidhani ni taarabu ya masikini. Ngoma mbili ndogo, cherewa, mkwasa, fidla, na sanduku. Ami anapiga sanduku. Ni sanduku la majani ya chai, kijiti kimesimamishwa, uzi mmoja. Anakivuta kijiti uzi ukaze, anakilegeza ulegee, na kidole gumba kinachuna. Basi, hiyo ndiyo besi. Vijana wa Bronx walitumia kilichokuwapo nyumbani. Wazee wetu nao walitumia kilichotupwa na meli.

Hoteli moja ya pwani, jina silitaji, iliwaita kundi la ami wapige jioni moja. Wakapewa nauli na sahani ya wali. Kijana wa hoteli akawarekodi, akasema ni kumbukumbu. Baada ya hapo hawakuitwa tena. Kwa nini? Kwa sababu kila jioni wageni wakila, inapigwa ile rekodi. Ami kaenda siku moja kupeleka samaki mlango wa nyuma, akajisikia mwenyewe anapiga ndani. Kasimama na kapu lake. Aliniambia: "Nimesikia kidole changu, lakini mimi niko nje."

Huu, binti yangu, ndio uporaji wa utamaduni. Mwenye nguvu kachukua kwa asiye na nguvu, jina kalikata, riziki kaizuia. Kijana wa Kwahani akichana rapu, hakuna Mmarekani anayekosa chakula. Hoteli ikipiga kidumbaki cha bure, ami anakosa. Huko Marekani pia yapo. Mpiga ngoma wa The Winstons, Gregory Coleman, alirekodi mwaka 1969 kipande cha sekunde kama sita ambacho kimekuja kutumika katika maelfu ya nyimbo. Kafa 2006, hana nyumba. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki walichanga pauni 24,000 wakampa kiongozi wa kundi, Richard Spencer. Coleman hakuwepo kuziona.

Hapa Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tangu 2003, na ofisi ya COSOZA ipo. Nendeni mkasajili kazi zenu, na wazee wenu muwapeleke. Sitaendelea na hilo, karatasi za kujaza ziko mezani pale kwenye birika la chai.

Na kuna vitu haviombwi wala havilipiwi. Kijana mmoja kaniuliza kama anaweza kukata sauti za Maulidi ya Homu azitie kwenye biti. Mwingine anataka nyimbo za unyago. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba na vijana wa Offside Trick, kweli, na ilipendeza. Lakini aliingia studio kwa miguu yake, na ya kuyatoa na ya kuyaficha alikuwa akiyachagua mwenyewe. Wewe si Bi Kidude. Ukiambiwa hapana, ni hapana.

Sasa yule kijana wa jezi, aliyeanzisha ugomvi wote huu. Mwezi uliopita kaja kwangu, anataka sauti ya sanduku kwenye wimbo wake mpya. Nikampeleka kwa ami. Kamkuta barazani anasuka dema. Kijana katoa simu arekodi. Ami hakuitazama simu. Akamuuliza: "Umesoma kwa nani?" Kijana hana jibu. Ami akaniambia nimwache hapo, nirudi baada ya Magharibi. Nilirudi, kijana kidole gumba kimevimba, ami anamwambia bado, vuta tena. Kaenda siku nne. Siku ya tano ndipo ami alipokubali kurekodiwa, kwa sharti mwanzo wa wimbo litajwe jina lake, na la aliyemfundisha yeye, na la aliyemfundisha huyo.

Wako hapa usiku huu, wote wawili. Kijana bado kidole kina plasta. Mzee wangu wa "nguo za watu", sogea mbele kidogo upate kuona vizuri, na jezi kakubali kuivua, si kwa ajili yako, kasema humu mna joto.

Ami, sanduku lako liko nyuma ya mlango. Karibu.